Usingizi na nusu kaputi: fumba macho si moja

Anayekuchoma nusu kaputi kabla ya upasuaji tunamwita daktari wa usingizi. Jina hilo linapotosha kidogo, maana vitu hivi viwili vinafanana kwa macho kufumbwa, basi.

Aliyelala ukimwita jina lake atageuka. Mama aliyechoka hoi haamshwi na honi za barabarani, lakini mtoto akiguna tu, yuko macho: ubongo wake ulikuwa ukiendelea kupepeta sauti. Usingizi wenyewe huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, ukizama na kuibuka, na katikati yake kuna ndoto, ambamo fahamu ipo ila imejifungia ndani.

Nusu kaputi haina mizunguko hiyo. Propofoli, dawa nyeupe kama maziwa, huingia mshipani. Unaambiwa uhesabu, na hufiki mbali. Dawa hiyo huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za neva. Si seli zote zinazonyamaza. Sauti bado yaweza kufika kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, lakini maeneo ya mbele na ya nyuma hayapashani habari kama kawaida, na wanasayansi wengi huitafuta fahamu humo kwenye mazungumzo ya maeneo hayo, si katika eneo moja. (Ketamini, dawa nyingine ya nusu kaputi, ina mambo yake, huko watu huota vioja.)

Halafu kuna muda. Ukiamka asubuhi, unahisi usiku umepita. Aliyepasuliwa kwa saa tatu huzinduka na kuuliza, “Mnaanza saa ngapi?”