Roboti ya upepo kwa klabu za shule Mbeya na Iringa: nunua kipi, acha kipi

Kila msimu wa mashindano, vijana wa klabu wanaotaka roboti yenye viungo vinavyosukumwa na upepo uliobanwa huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, tununue kompresa ya aina gani?" Jibu langu huwaudhi. Msinunue kompresa, ile mashine ya kubana upepo, angalau si kwa pesa ya kwanza.

Na kabla ya pesa yoyote kutoka, someni kanuni za mashindano mnayokwenda. FIRST Tech Challenge hawataki kompresa wala mitungi ya upepo kwenye roboti. VEX V5 wanaruhusu mitungi iliyojazwa kabla, mwisho psi 100 (psi ni kipimo cha mgandamizo). FIRST Robotics Competition, yale ya roboti kubwa, wanaruhusu psi 120 ndani ya mtungi na psi 60 kwenye silinda. Mkishanunua ndipo mkasoma, vifaa vitabaki mapambo ya maabara.

Swali la pili ni kama upepo unawafaa. Silinda, yaani bomba lenye fimbo inayosukumwa na upepo, inajua mambo mawili tu: kutoka na kurudi. Kwa kubana kitu, kupiga mpira au kufyatua komeo, hakuna kinachoishinda. Tena ikizuiwa haiungui kama mota, inatulia ikisubiri. Mkono unaotakiwa kusimama katikati na kushuka polepole, huo nunulieni mota ya servo, inayosimama pale unapoiamuru.

Nafasi ya kwanza: mtungi mdogo na pampu ya mkono ya kusimamia

Mnajaza kabla ya kuingia uwanjani, mnacheza na kilichomo. Raundi ya VEX ni dakika mbili, na watu hudhani upepo hautatosha. Tupige hesabu. Mtungi wa mililita 400 uliojazwa psi 100, na regyuleta, kifaa cha kupunguza mgandamizo, inayotoa psi 60. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 na mwendo wa milimita 100 itatoka na kurudi kama mara saba kabla mtungi haujafika psi 60, kisha itaendelea kwa nguvu inayopungua. Mkinunua silinda inayorudishwa na springi, upepo unatumika upande mmoja tu, mnapata kama mara kumi na tatu. Kwa roboti ya sekondari hiyo inatosha sana.

Silinda hiyo ya milimita 16 inasukuma uzito wa kilo nane hivi. Ya milimita 25 inafika kilo ishirini, ila inakula upepo karibu mara mbili na nusu. Vijana wote wanataka ile kubwa. Wanyimeni.

Pampu iwe inayoshika vali ya aina ya tairi la pikipiki, si ile ya baiskeli ya Phoenix. Mtungi uwe wa chuma au alumini, ulioandikwa kiwango chake cha mgandamizo. Bomba la PVC la maji, hata fundi bomba akikuapia, hapana. Likipasuka kwa upepo halichaniki, linarusha vipande kama chupa.

Nafasi ya pili: kompresa ndogo ya 12V ya kujazia tairi

Hizi zimejaa maduka ya vipuri pale Mwanjelwa. Zinafaa kukaa mezani, zikijaza mtungi kati ya raundi na raundi kwa betri ya gari. Juu ya roboti zinakunywa umeme wa ampea kumi na zaidi, betri inazimia, na roboti inasimama huku mwendeshaji akibonyeza tu. Geji yake ikiandikwa 150 usiiamini. Nunua geji ya pembeni.

Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia. Mbeya mjini tupo mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Mtungi unaojaa kwa dakika tano pwani, hapa utachukua kama sita, na Makete zaidi ya hapo. Nguvu ya silinda haipungui, kwa sababu geji inapima tofauti na hewa ya nje. Kinachoongezeka ni muda wa kompresa kufanya kazi, na joto lake. Ipumzisheni. Mchana wa masika mtungi ukipoa utakuta maji ndani, kwa hiyo chagueni wenye koki ya kumwagia chini.

Nafasi ya tatu: vipuri vya breki za malori

Malori ya Tunduma hayakatiki barabarani, kwa hiyo vipuri vya breki za upepo ni rahisi kupatikana Mbeya, na Ipogolo pale Iringa. Mipira ya nailoni ya kupitishia upepo na viunganishi vyake ni vizuri, chukueni. Mitungi ni mizito mno. Chemba za breki, zile zinazosukuma breki kwa upepo, zinawavutia vijana, lakini ile ya kawaida, aina ya 24, kwa psi 60 inasukuma zaidi ya kilo mia sita. Mnataka kubana mpira au kubomoa ukuta? Na ile yenye springi ya breki ya mkono msiifungue kabisa. Ile springi imeua mafundi.

Klabu za shule za msingi zina njia yao: mabomba mawili ya sindano ya mililita 20 kutoka duka la dawa na mpira wa dripu, mkijaza maji. Hakuna mashindano hapo, ni kujifunza, na pesa inayobaki inatosha maandazi ya klabu nzima.

Panapopotea pesa

Hela nyingi hupotea kwenye viunganishi na vali za umeme, zile zinazoelekeza upepo kwenye silinda. Soma maandishi kwenye koili ya vali, ile sehemu ya umeme inayoigeuza: nyingi zinazotoka viwandani ni 24V au 220V, na roboti yako ina 12V. Uliza pia mgandamizo wa chini kabisa inaohitaji. Vali nyingi ndogo zinasukumwa na upepo wenyewe ndani, na mtungi ukishuka chini ya psi 25 hivi hazigeuki, hata koili ikilia tik-tik. Yenye koili moja hurudi umeme ukikatika. Yenye mbili hubaki ilipokuwa. Kwa kibanio kilichoshika kitu mimi huchukua ya koili mbili.

Mipira ya upepo ndiyo iliyoniaibisha. Tulijaza psi 100 kwa raundi ya kwanza, tukaitwa uwanjani baada ya robo saa, mshale wa geji umelala kwenye sifuri. Nikampelekea roboti fundi wa tairi jirani na ukumbi. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, akainama, akacheka.

"Mwalimu, mpira wako mwembamba, mdomo wake mpana."

Mpira ulikuwa wa milimita 6, viunganishi vya robo inchi, yaani 6.35. Kwa macho huoni tofauti, upepo unaiona. Tukabadilisha pale pale, hakutaka hela. "Ndaga fijo," nikamwambia, asante sana kwa Kinyakyusa, akarudi kwenye tairi lake.

Uzi wa viunganishi nao ni hivyohivyo. Vifaa vya Marekani huja na uzi wa kipimo cha NPT, vingi vya kwetu ni BSP. Kwenye saizi ya moja ya nane ya inchi vinakubali mizunguko michache, kisha vinagoma au vinavuja, hata ukizungushia tepu nyeupe roli zima. Chagua mfumo mmoja tangu mwanzo, mnunue kila kitu ndani yake.

Dukani, omba ujaze mtungi, funga koki, mkae. Mkiongea dakika kumi na mshale ukashuka psi kumi, mrudishie muuzaji vitu vyake kabla hujatoa pesa mfukoni.