Zotero: Msaidizi Hodari wa Marejeleo Anayehitaji Kusimamiwa

Makala ya kisayansi inapokataliwa na jarida moja na kulazimika kupelekwa kwingine, kinachomchosha mwandishi mara nyingi si hoja bali orodha ya marejeleo, kwa kuwa jarida la kwanza lilitaka majina na miaka kwa mtindo wa APA, na la pili linataka nambari kwa mtindo wa Vancouver. Zotero, programu huria isiyolipiwa iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani mwaka 2006, huimaliza kazi hiyo kwa kubadilisha chaguo moja tu, na kwa sababu hiyo pekee inastahili nafasi katika kompyuta ya mtafiti.

Uwezo huo unatokana na CSL, lugha maalumu ya kueleza kanuni za marejeleo, ambayo hazina yake ina mitindo zaidi ya 10,000. Rejeleo jipya likichomekwa katikati ya aya, nambari zote zinazofuata hujipanga upya. Tofauti za matoleo nazo huzingatiwa: toleo la saba la APA, la mwaka 2019, huruhusu hadi waandishi 20 kuorodheshwa kwa chanzo kimoja, ilhali toleo la sita liliishia saba. Sioni kwa nini binadamu ajisumbue kukariri mambo kama hayo.

Kuingiza vyanzo ni rahisi, ama kwa kitufe kilicho kwenye kivinjari, ama kwa kuandika nambari ya DOI, inayotambulisha makala mtandaoni, au ISBN, inayotambulisha kitabu. Hapa ndipo msimamizi anapohitajika, kwa sababu Zotero hupanga kile ilichopewa, na taarifa zenye kasoro kwenye tovuti ya jarida zitatokea katika orodha yako zikiwa zimepangwa vizuri kiasi cha kuaminika. Majina ya taasisi ni mfano mzuri. Yakijazwa katika nafasi mbili za jina la mtu, Shirika la Afya Duniani hugeuka bwana mmoja wa ukoo wa Duniani; dawa yake ni kubadili sehemu hiyo iwe ya jina moja lisilogawanywa. Vichwa vya makala navyo vihifadhiwe kwa herufi ndogo, isipokuwa herufi ya kwanza na majina ya pekee, kwani programu inaweza kukuza herufi mtindo unapodai hivyo, lakini kuzishusha bila kuharibu majina ya watu na mahali ni kazi isiyoiweza. Anayerejelea maandishi ya Kiswahili ajaze pia sehemu ya lugha kwa alama ya sw, la sivyo baadhi ya mitindo itavipamba vichwa vyake kwa herufi kubwa za Kiingereza kila neno.

Huduma ninayoithamini kuliko zote haihusu nukta wala mkato. Tangu mwaka 2019 Zotero hulinganisha maktaba ya mtumiaji na hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, na makala iliyofutwa na jarida lake huwekewa onyo jekundu, onyo linalojirudia mtu anapotaka kuinukuu. Orodha iliyopangwa kwa ufasaha huku ikiegemea utafiti uliobatilishwa haimfai msomaji yeyote.

Hifadhi ya bure ya mafaili mtandaoni ni megabaiti 300, ambazo PDF huzijaza upesi; taarifa za marejeleo zenyewe, hata hivyo, hazina kikomo, na mafaili yanaweza kubaki kwenye kompyuta yako bila malipo yoyote. Programu hufanya kazi ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs. Jarida likitaka hati isiyo na viungo vya programu, kuna amri ya kuyageuza marejeleo kuwa maandishi ya kawaida, ila itumike kwenye nakala tu, kwa maana baada ya hapo Zotero haiwezi tena kuyasahihisha, na wahakiki huwa hawakosi chanzo kimoja cha kudai kiongezwe.