Kununua kazi za John Bauer: nini kianze, nini ukiache dukani

Ukitafuta mtandaoni picha za mazimwi wa Sweden, jina litakalokujia kwanza ni la mchoraji John Bauer, likifuatwa na msururu wa bidhaa: vitabu, mabango, turubai, vikombe, mito ya makochi. Wingi huo una sababu yake. Bauer alifariki mwaka 1918, hakimiliki ya picha zake ilishakwisha zamani, na kila mwenye mashine ya kuchapa anaruhusiwa kuziuza. Kwa hiyo picha ile ile unaweza kuikuta kwa wauzaji kumi, na kati ya chapa ya mmoja na ya mwingine ni mbingu na ardhi.

Mimi nazipanga kwa kigezo kimoja tu: giza. Bauer alikulia Jönköping, kusini mwa ziwa Vättern, mtoto wa mwenye bucha aliyehamia kutoka Bavaria, Ujerumani, na msitu aliouchora ni ule wa jimbo la Småland, wa misonobari na mawe yaliyoota kuvumwani. Picha zake nyingi ni nyeusi, kahawia na kijivu, halafu katikati kuna kitu kimoja kidogo kinachong'aa: taji, uso wa mtoto, gauni jeupe. Chapa ikiharibu giza, kile kidogo nacho haking'ai tena.

Kipimo ni picha ya binti mfalme Tuvstarr ya mwaka 1913, ambayo karibu kila muuzaji anayo. Msichana ameketi ukingoni mwa kidimbwi cha msituni, nywele ndefu za dhahabu zimemwagika, anainama kutazama maji yaliyomeza kidani chake cha moyo wa dhahabu. Usimtazame yeye kwanza. Tazama nyuma yake: mashina ya miti yanapaswa kuonekana moja moja, yakizidi kufifia kadiri yanavyoingia ndani. Yakiwa yameungana kuwa masizi matupu, acha. Na kama mtu ameongeza mwanga hadi msitu ukawa wa kijivu cha majivu, au ameongeza bluu na zambarau ili ipendeze kwenye simu, acha pia. Picha za Bauer hazijawahi kuwa za rangi kali; vitabuni mwanzoni zilichapwa kwa rangi mbili tu, nyeusi na njano, na bluu ikaja kuongezwa baadaye.

Nafasi ya kwanza: kitabu cha hadithi chenye picha zake

Kwa anayeanza, na hasa kwa zawadi ya mtoto, nunua kitabu. Picha hizi zilizaliwa kitabuni, kwa ukubwa wa ukurasa, na ukiitoa picha kwenye hadithi yake unabaki na zimwi tu asiye na habari. Kwa wasomao Kiingereza, *Swedish Folk Tales* ya wachapishaji Floris Books wa Edinburgh ndiyo ninayoitaja mbele ya zote: imekusanya hadithi za waandishi kadhaa wa Sweden pamoja na picha za Bauer, na inapatikana bila kuhangaika sana.

Mlioko Sweden mna chaguo zuri zaidi, mikusanyo ya Kiswidi ya mitumba. Pitieni Tradera na Bokbörsen mtandaoni, au rafu za vitabu katika maduka ya mitumba ya Myrorna. Ila hapa ndipo watu wanaponasa. *Bland tomtar och troll* ni mfululizo wa vitabu vya hadithi wa kila mwaka ulioanza 1907, na Bauer hakuwa mchoraji wake wa kudumu. Ya kwake ni ya miaka ya 1907 hadi 1910, na tena 1912 hadi 1915. Mwaka 1911 hayumo kwa sababu alidai haki ya picha zake, mchapishaji akagoma. Mwaka uliofuata mchapishaji akalegea, naye akarudi. Baadaye, kwa miaka kadhaa, picha zilikuwa za Gustaf Tenggren, yule aliyekwenda Marekani na kufanya kazi kwa Disney. Tenggren ni fundi wa kweli, lakini si yeye uliyemfuata. Kwa hiyo ukiona jina la mfululizo kwenye tangazo, muulize muuzaji mwaka na jina la mchoraji kabla hujatuma pesa.

Ya pili: faili la bure, uchapishe mwenyewe

Najua wengine wangeiweka hii mwisho. Mimi naiweka juu ya bango la dukani kwa sababu unasimamia giza mwenyewe, na kwa msomaji aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura inamwepusha na gharama ya kusafirisha. Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha za bure, ina picha nyingi za Bauer, na kisheria huna deni kwa mtu. (Hadithi ni jambo lingine. Waandishi walikuwa watu wengine, baadhi yao waliishi miaka mingi baada yake, kwa hiyo maandishi usiyachukulie kuwa ya bure.)

Angalia pikseli kabla ya kitu kingine. Ukitaka chapa ya upana wa sentimita 30 isiyo na ukungu, faili liwe na pikseli zipatazo 3,500 kwa upana; likiwa na 1,200, chapa dogo la sentimita 10 na uridhike. Picha moja huwa na matoleo kadhaa yaliyoskaniwa na watu tofauti: yafungue yote, linganisha yale mashina ya miti, chagua. Duka la kuchapisha uliambie mambo mawili: karatasi nzito isiyong'aa, na "usinirekebishie mwanga". Hilo la pili lirudie, maana mafundi wengi wakiona picha ya giza hudhani imeharibika na huisaidia bila kuombwa. Omba kipande kidogo cha majaribio kwanza.

Tena, picha nyingi za Bauer zina umbo la karibu mraba. Ukimwambia fundi "A3 ijae" atakukatia miguu ya zimwi. Acha ukingo mweupe.

Ya tatu: bango la makumbusho

Jönköpings läns museum ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa kazi za Bauer. Ukipita mji ule, ingia. Utaona picha halisi ni ndogo kiasi gani, na utaona pia michoro ya safari yake ya Lappland, kaskazini ya mbali, mwaka 1904, alipotumwa kuchora maisha ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko. Vile visu, mikanda na mifuko ya ngozi aliyoiona huko baadaye aliwavisha mazimwi. Bango la hapo utakuwa umeliona kwa macho kabla ya kulipa, na hilo ndilo linalolipa nafasi hii. Kwa kuagiza kutoka mbali, linashuka.

Ukiwa huko ziwa Vättern utaliona tu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba 1918 Bauer, mkewe Esther, ambaye sura yake imo katika mabinti wafalme wengi, na mtoto wao mdogo walipanda meli Per Brahe huko Gränna, kando ya ziwa hilo, wakihamia Stockholm. Wiki chache kabla, ajali ya treni huko Getå ilikuwa imeua watu wasiopungua 42, wakaona maji ni salama zaidi. Meli ilikuwa imerundikiwa sitahani cherehani na vyombo vya chuma. Ilizama karibu na bandari ya Hästholmen na watu wote 24.

Ya nne: matoleo ya zamani

Kwa wakusanyaji tu. Hakikisha kurasa za picha zote zimo, kwani kuna waliozikata wakazitia kwenye fremu. Kama hamu yako ni kumiliki kitu cha zamani kidogo bila kuvunja benki ya nyumbani, Posta ya Sweden ilitoa stempu za picha zake mwaka 1982, miaka mia tangu azaliwe, na stempu ni rahisi kuliko kitabu.

Ya mwisho: turubai, vikombe, mito

Nyuzi za turubai hula mistari myembamba, na Bauer ni mistari myembamba. Vikombe sivisemei.

Chochote utakachoagiza cha ukutani, kije kimeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, na fremu ununue huko huko uliko. Chagua kioo kisichoakisi: juu ya picha nyeusi, kioo cha kawaida kitakuonyesha dirisha lako mchana kutwa.