Mitambo ya KIEMS: kituoni inafanya kazi, ufunguo wa sava uko ugenini

Tuanze na kifaa chenyewe. Kituoni, KIEMS, yaani mfumo wa kielektroniki wa Tume ya Uchaguzi Kenya (IEBC) wa kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, ni bora kuliko inavyosifiwa. Karani anapokea kitambulisho, mpiga kura anaweka kidole, jina na picha vinatokea, anapewa karatasi zake. Kidole kikikataa, mara nyingi ni ngozi iliyosuguliwa na jembe au saruji, ama kioo cha kusomea kimeingia jasho na vumbi. Futa kioo kwa kitambaa kikavu, jaribu vidole vingine. Ikishindikana, atafutwe kwa namba ya kitambulisho na Fomu 32A, ya mpiga kura asiyetambuliwa kwa kidole, ijazwe. Asirudishwe mtu nyumbani kwa sababu ya kidole.

Kifaa kikigoma kabisa ni balaa. Agosti 9, 2022 viligoma Kakamega na sehemu za Makueni, watu wakasubiri mpaka sajili ya karatasi iruhusiwe. Ruhusa hiyo inafaa itoke mapema.

Upande wa kutuma matokeo umeboreka sana. Mwaka 2017, vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G, na tarakimu zilitangulia kuonyeshwa huku fomu zikisubiriwa. Mwaka 2022 ilitumwa picha ya Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, ikawekwa wazi kwenye tovuti ya tume. Hapa ndipo tunapoisifu tume bila kusita, kwa kuwa mtu yeyote mwenye simu anaweza kukagua. Fungua kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo. Jumlisha kura za wagombea wote wanne, linganisha na jumla ya kura halali iliyoandikwa. Ongeza zilizokataliwa: haziwezi kuzidi waliosajiliwa, na kituo kimoja hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya 700. Kisha tazama sahihi za mawakala na muhuri. Tarakimu iliyokwaruzwa na kuandikwa upya ilinganishwe na nakala ya wakala.

Kasoro kubwa haionekani kituoni. Mwaka 2017 mitambo ilitoka kwa Safran ya Ufaransa, ambayo iliuza kitengo kilichoitengeneza mwaka huohuo. Kikawa OT-Morpho, halafu Idemia. Mahakama ya Juu ilipoamuru sava, yaani kompyuta kuu za tume, zifunguliwe, tume haikutii kikamilifu, na hilo likawa miongoni mwa sababu za kufuta uchaguzi wa urais Septemba 1, 2017. Kwa uchaguzi wa 2022 ikaja Smartmatic, kandarasi ikiwa na kampuni yake iliyosajiliwa Uholanzi. Ukaguzi ulipoagizwa tena, haki za umiliki wa programu zikatajwa kuwa kizuizi cha kuonyesha kila kitu. Mahakama ilitupilia mbali kesi ya kupinga matokeo ya urais Septemba 5, 2022 na haikupata ushahidi kwamba matokeo yalichezewa. Hata hivyo, haifai mwenye kandarasi aliye ng'ambo ndiye aamue jaji wa Kenya aone nini.

Alama zetu: kifaa 3 kati ya 5, tovuti ya fomu 5, mkataba 1. Kabla ya zabuni nyingine kutiwa sahihi, mkataba utaje nani anashika nywila kuu, kumbukumbu za sava zihifadhiwe wapi, na kwamba amri ya mahakama itatekelezwa ndani ya saa zilizowekwa, maana kesi ya urais huamuliwa kwa siku 14 tu.