Kliniki ya daktari wa familia: kikapu cha mama

Mama ana presha mwaka wa 11 sasa. Kwenye hospitali kubwa tuliyokuwa tukienda, kila kliniki alikutana na daktari mgeni, na kila mgeni akamwongezea kidonge. Machi tukahamia kliniki ndogo ya daktari wa familia hapa Mombasa, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zake ni za kuvunja magoti, na wagonjwa wengi ni wazee!

Siku ya kwanza daktari hakuandika dawa hata moja. "Mama, kesho niletee kila unachomeza, hata cha kienyeji." Mama akaja na kikapu, akakimwaga mezani. Amlodipini, dawa yake ya presha, ipo, mwarobaini upo, na chini kabisa diklofenaki ya magoti, anayojinunulia duka la dawa mtaani kila wiki. Daktari akaiinua: "Hii ndiyo inayotuchezea, mama." Akaeleza kuwa dawa za maumivu za namna hiyo hufanya mwili ushike chumvi na maji, na presha hupanda. Wa hospitalini nao wamesoma, ila kila mmoja alimwanza mama upya. Presha yake ilikuwa 168 kwa 102. Wiki ya sita ikasoma 140 kwa 86.

Nikaenda kudadisi. Mwaka 2018 daktari wa familia Denis Pereira Gray na wenzake wa Uingereza walipitia tafiti 22 kutoka nchi 9. Katika 18, vifo vilikuwa vichache kwa wanaorudi kwa daktari yuleyule. Kwetu Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha mabingwa wa udaktari wa familia 2005 tu, na hadi leo unawatafuta kwa tochi.

Sasa kasoro. Simu ya mapokezi haishikwi kabla ya saa nne. Jumatatu tulikalia benchi masaa matatu. Ada ni shilingi 1,500, na bima yangu ya kazini hawaipokei. Daktari alipokwenda likizo, aliyemshikia zamu alianza na "mama unaumwa nini?" Mama alinung'unika mpaka nyumbani.

Nyota nne, ya tano imebaki kwenye zile ngazi.

Juzi tukiaga, daktari akauliza, "Na mzee je, naye anakula chumvi hiyohiyo?" Baba anasema yeye haumwi kitu. Jina lake limeshaandikwa kwenye faili letu, Alhamisi, saa tatu asubuhi.