Losheni ya jua Mombasa: kabla ya kuuliza SPF, uliza chupa imelala wapi

Malalamiko yanayonifikia tangu msimu wa kaskazi uanze yanafanana. Dada mmoja wa Kisauni amenunua losheni ya jua ya SPF 50, ya jina kubwa, anaipaka kila asubuhi, na madoa ya mashavuni yanazidi kukoza. Mwingine, anayefundisha watoto kuogelea huko Nyali, anasema chupa yake mpya ilitoa maji matupu kwanza, halafu ikatoa madonge meupe, mfano wa tui lililokatika. Aliyeniuma zaidi ni mama wa Likoni mwenye mtoto mwenye ualbino: mtoto alipakwa vizuri, kofia kichwani, na bado alirudi kutoka shule masikio na shingo vimebabuka. Wote wanataka kujua wanunue ipi.

Majina yatakuja, na ninalo ninalolipenda kuliko mengine, silifichi. Lakini kuna swali ambalo miongozo ya losheni za jua hailiulizi, na kwa mji wetu ndilo la mwanzo: hiyo chupa imelala wapi kabla ya kufika mkononi mwako?

SPF, kipimo cha kinga dhidi ya jua linalobabua, haina haja ya maneno mengi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile inayobabua. SPF 50 huzuia asilimia 98. Chukua 30 au zaidi, maliza. Cha kukodolea macho ni UVA, mionzi inayopenya mawingu na kioo cha dirisha la matatu, inayozeesha ngozi na kukoza madoa. Kwenye chupa za Ulaya tafuta herufi UVA ndani ya kiduara, maana yake kinga ya UVA si chini ya theluthi ya SPF iliyoandikwa. Za Korea na Japani zina PA, kipimo chao cha kinga ya UVA, na alama za kujumlisha, na alama nne ndicho kiwango cha juu.

Sasa turudi kwenye joto. Losheni ya jua ni maji, mafuta na vichujio vya mionzi vilivyoshikanishwa ili ukipaka vitandae sawasawa. Joto likizidi na likakaa, mshikamano huo huvunjika. Mafuta yanajitenga, maji yanajitenga, vichujio vinagandana. Ukipaka, upande mmoja wa shavu unapata kinga na upande wa pili unapata maji yenye harufu nzuri. SPF iliyochapishwa nje ilipimwa maabara kwenye losheni iliyokuwa nzima. Namba haibadiliki chupa ikiharibika, na ndiyo maana watu wanababuka huku wakiiamini. Kuna pia kichujio kinachotumika sana, oktokrileni, ambacho kadiri chupa inavyozeeka hugeuka kidogo kidogo kuwa benzofenoni, kemikali ambayo hakuna anayeitaka usoni mwake. Marekani sheria inalazimisha lebo imwonye mnunuzi aiepushe chupa na joto kali na jua. Chupa kadhaa za Ulaya nazo zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30.

Nyuzi 30! Februari na Machi hapa kwetu kivulini tu joto hupanda hadi 32 au 33. Ndani ya gari lililofungwa juani hupita 50. Fikiria safari ya chupa: kontena bandarini, ghala la mabati, buti ya basi kutoka Nairobi, sanduku la bodaboda, halafu dirisha la duka. Hilo dirisha ndilo linalonikera kuliko vyote. Kuna duka moja la vipodozi mjini lililozipanga losheni za jua dirishani, upande unaochomwa na jua la magharibi, mpaka rangi ya maboksi imepauka. Nilipoomba nipewe ya stoo, muuzaji alinijibu, “Dada, hii ni losheni ya jua, itaharibiwaje na jua?” Alikuwa anasema kwa dhati. Bei aliyotaja ilikuwa ile ile ya duka la dawa lenye kiyoyozi. Mteja analipa maelfu ya shilingi kwa kitu kilichopikwa, na hakuna anayemwambia.

Kwa hivyo fanya hivi. Usikubali chupa ya maonyesho. Omba ya ndani ya katoni. Nunua mahali penye kiyoyozi kinachofanya kazi, na panapouza kwa wingi, maana chupa inayokaa wiki mbili rafuni ni bora kuliko iliyokaa mwaka. Soma tarehe iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, siyo stika iliyobandikwa juu yake. Za Marekani zinazokuja kwa masanduku ya wasafiri wakati mwingine hazina tarehe ya mwisho kabisa, kwa kuwa sheria yao inaruhusu hivyo ikithibitishwa kuwa losheni inadumu miaka 3. Kama muuzaji hajui aliipata lini, mwachie. Ukifika nyumbani tikisa, kamua kidogo juu ya mkono. Maji yakitangulia, ukihisi chembechembe, au harufu ikiwa ya mafuta yaliyochacha, irudishe siku hiyo hiyo na risiti mkononi. Ukienda ufuoni, ifunge chupa ndani ya leso iliyoloweshwa, uiweke kivulini.

Kabla ya kupanga majina niwajibu wanaoniuliza mtu mweusi anahangaikia nini. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, kwa mtu mweusi sana hukadiriwa kutoa kinga ya karibu SPF 13, ni neema kubwa, na saratani ya ngozi inayotokana na jua ni nadra kwetu. Madoa si nadra. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na mapema Oktoba. Hata miezi ya kusi, upepo unapotudanganya kwamba kumepoa, mionzi ya adhuhuri bado ni mikali. Anayetumia mkorogo ana hatari zaidi: haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, bado zinauzwa, na ngozi iliyochubuliwa haina tena ule ukuta wake wa asili. Wauzaji wa mkorogo hawamwambii bibi harusi mtarajiwa neno moja juu ya jua. Na tazameni nyayo, viganja na chini ya kucha. Melanoma, saratani kali ya ngozi, kwa watu weusi hupenda kutokea huko, wala haisababishwi na jua, kwa hivyo hakuna losheni itakayoizuia. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa ugonjwa ulioanzia kwenye kidole cha mguu. Alama mpya isiyopona ni ya daktari, tena mapema.

Wasomaji wangu wanaofanya kazi hotelini Shanzu na Bamburi wameomba niorodheshe mafuta ya kuwapaka wageni wanaotaka kuiva rangi. Sitayaorodhesha. Rangi hiyo ni ngozi inayojitetea baada ya DNA ya chembe zake kujeruhiwa, na kinga anayoipata mgeni kwa maumivu yote hayo haizidi SPF 3 au 4. Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, mwaka 2009 liliviweka vitanda vya umeme vya kubadilisha rangi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na moshi wa tumbaku, na Brazil ikavipiga marufuku mwaka huo huo. Jua la saa sita pale ufuoni ni kali vilevile, tena halilipishwi. Ewe kijana unayeuza mafuta ya nazi mchangani, nazi ni nzuri kwa nywele na kwa wali; mgeni ukimpaka akajianika nayo, unamsaidia kuungua. Muuzie kivuli cha mwavuli.

Nambari moja kwangu, bila kusita, ni La Roche-Posay Anthelios UVMune 400, ile ya majimaji isiyoonekana, SPF 50+. Sababu ya kwanza ni kichujio chake, Mexoryl 400, kilichoingia sokoni mwaka 2022, kinachoshika UVA ya mawimbi marefu zaidi, mpaka karibu nanomita 400, eneo ambalo losheni nyingi huliacha wazi. Kwa watu wa madoa hilo ni jambo kubwa. Haiachi weupe kwenye ngozi nyeusi, hata ukirudia mara ya pili. Sababu ya tatu ndiyo inayoniridhisha zaidi: kampuni hii huuza zaidi kupitia maduka ya dawa, na duka la dawa lililo makini lina kiyoyozi kwa sababu ya dawa zake, basi na losheni hupata baridi hiyo. Kasoro yake ni kuchoma macho ukitokwa na jasho. Ipake mbali kidogo na kope, maliza eneo hilo kwa miwani.

Dada wa Kisauni, ongeza kitu kimoja. Mwanga wa kawaida unaoonekana nao hukoza madoa kwenye ngozi yetu, na losheni isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha mwanga huo. Oksidi za chuma ndizo zinazouzuia. Losheni zenye rangi zinazo, lakini rangi wanazotuletea zimekusudiwa watu weupe. Paka losheni, isubiri ikauke, kisha juu yake paka fondesheni inayolingana na ngozi yako. Rangi yake ya kahawia inatokana na oksidi hizo hizo.

Ya pili ni Nivea Sun, chupa ya SPF 50 ya mililita 200, kwa mwili. Haina mapambo, na ukiipaka kwa haraka huacha ukungu mweupe unaohitaji kusuguliwa. Naipendelea kwa kuwa supamaketi kubwa za Nyali na mjini huziuza upesi, ndani ya baridi, na kiduara cha UVA kipo. Mwalimu wa kuogelea, chukua hii, na rudia kila baada ya saa mbili na kila utokapo majini, kwa sababu hakuna losheni isiyotoka kabisa kwa maji.

Ya tatu, Beauty of Joseon, ile ya mchele, SPF 50+ na PA nne. Usoni ni laini mno, na wasichana wa chuo wanaiapia. Ingekuwa ya pili kama si njia inayopitia: wauzaji wa mtandaoni, vifurushi vya basi, na bandia tele. Ukimpata muuzaji anayekuonyesha katoni na tarehe, nunua kwa moyo mweupe.

Ya nne ni zile za madini, zenye oksidi ya zinki. Zinki yenyewe haiharibiwi na joto wala mwanga, ingawa losheni inayoibeba inaweza kuachana kama nyingine yoyote. Kwenye ngozi nyeusi hukufanya kijivu. Kwa mtoto aliyepita miezi 6, au ngozi inayowashwa na kila kitu, weupe huo unavumilika. Mama wa Likoni, kwa mtoto wako usianze dukani. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni ya jua bure watu wenye ualbino waliosajiliwa. Msajili, uulize hospitali ya serikali iliyo karibu nawe. Wenzetu wa Tanzania hutengeneza ya kwao, Kilisun, pale hospitali ya KCMC, Moshi, na hugawiwa bila malipo. Nawaonea fahari, na nasikitika Pwani yenye jua lote hili haina kiwanda kama hicho.

Maana bei zinaumiza. Uso na shingo vinahitaji losheni ya kujaza urefu wa vidole viwili, yaani zaidi kidogo ya mililita 1. Asubuhi na adhuhuri ni kama mililita 2 na nusu. Tyubu ya mililita 50 inaisha kwa siku 20. Mwili mzima wa mtu mzima unataka karibu mililita 30, kwa hivyo ile chupa ya 200 haikupi mipako 7. Muuza samaki anayekaa juani kutwa ataimudu vipi? Losheni hii inahesabiwa kipodozi, inawekwa kapu moja na wanja na rangi ya midomo, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Muuzaji naye anaongeza lake, halafu anaiweka dirishani iive.

Za bei rahisi sana, zile za mia mbili mia tatu zisizo na alama ya UVA wala jina la kiwanda, sina la kusema zaidi ya kuziacha. Liwa inapendeza usoni, ipake kwa mapambo yake, siyo kwa kinga ya jua.

Mwenye mfuko mdogo aelekee Kongowea, kwenye mitumba, atafute fulana za kuogelea za mikono mirefu zilizoandikwa UPF 50+, kipimo cha kinga ya jua kwenye nguo. Zipo, hasa za watoto, na wauzaji wengi hawajui maana ya alama hiyo hivyo hawapandishi bei. Huziba mabega na mgongo kutwa nzima, na losheni inabaki ya uso, masikio na shingo tu. Isiyo na alama inyooshe mbele ya mwanga: nyuzi zikionekana zimeachana, irudishe kwenye fungu uchague nyingine, nzito na ya rangi iliyokoza.