Mafundi wote walipandishwa paani

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Natunza mishahara ya kampuni ya ujenzi hapa Marekani, na ninayoilalamikia ni programu yetu ya mishahara. Bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini haina bei moja: kila kazi ina kundi lenye namba yake, na kila kundi lina kiwango kwa kila dola 100 za mshahara. Karani ni 8810, seremala 5403, mwezekaji 5551, na huyo wa paa ndiye anayeumiza mfuko. Fundi akipiga useremala Jumatatu na kuezeka Jumanne, mshahara wake waweza kugawanywa, mradi saa zimeandikwa. Zisipoandikwa, zote huhesabiwa kwenye kundi la bei ya juu.

Mimi niliziandika! Kila wiki, fundi mmoja mmoja. Programu ikapokea, ikaweka alama ya kijani, nami nikalala usingizi. Kumbe ilikuwa inazitupa. Kundi lililojazwa kwenye faili la mfanyakazi ndilo lililofuatwa, bila hata neno moja la onyo. Mkaguzi wa bima alipofungua ripoti, mafundi wote walikuwa 5551. Hata seremala asiyepanda ngazi.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanikatiza: "Lakini maelekezo uliyasoma?" Niliyasoma mara mbili. Maelekezo hayo hayo ndiyo yanayosema ni lazima kujaza kundi kwenye faili la mfanyakazi!

Haki ya programu niiseme. Ovataimu inaikokotoa vizuri, inaondoa ile nusu ya nyongeza juu ya malipo ya kawaida kabla ya kupiga hesabu ya bima, jambo ambalo programu yangu ya zamani haikuliweza. Viwango vipya navyo vinaingia kwa tarehe, wiki za nyuma haziguswi. Kwa hayo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu.

Kisha nikapiga tena, akapokea dada mmoja mstaarabu. Akanionyesha kisanduku chini kabisa ya ukurasa wa mipangilio: weka tiki, saa zifuate kundi lililoandikwa. Dakika moja tu. Dakika moja, na mimi nimekesha siku mbili nikipanga karatasi za saa zenye sahihi za msimamizi, ambazo mkaguzi alizikubali kwa shida! Bila makaratasi yale tungelipia paa ambalo hakuna aliyelipanda.

Nyota moja. Ya pili ni ya yule dada, si ya programu.